Vigingi vya Baba

Baba yangu aliwahi kufungwa kwa sababu ya mbuzi. Ilikuwa enzi za Mwingereza. Bwana shamba alipita kwenye miteremko yetu akipigilia vigingi, akaamuru kila mwenye shamba alime matuta kufuata mstari wa vigingi hivyo, na kigingi kikianguka au kikiinama, kosa ni la mwenye shamba. Mbuzi wa jirani akaja kujikuna kwenye kigingi cha baba, kigingi kikalala chini. Baba akapelekwa Vuga, akasimamishwa mbele ya zumbe, chifu wetu, akatiwa ndani pamoja na wakaidi wa kweli waliong'oa vyao makusudi.

Kilichomuuma si kufungwa. Alituambia mara nyingi tukiota moto jikoni: "Kama ningeng'oa, sawa, ningekaa mle ndani kwa raha zangu. Mimi nimefungwa kwa kosa la mbuzi!" Mama alikuwa akimjibu kwamba hata mbuzi mwenyewe alishasahau, yeye tu ndiye bado anakumbuka.

Nayaeleza haya kwanza ili mtu asije akamwona baba yangu mjinga. Nimeshawahi kukaa sebuleni kwa watu, nikamsikia msomi mmoja anaisimulia habari hii nitakayoieleza bila kujua kwamba ni yetu. Anacheka, anasema, "Wananchi wetu bwana, kazi ipo!" Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Sijui nilikizuiaje kisiruke.

Uhuru ulipokuja, baba alishangilia mpaka sauti ikamkauka, na ukimuuliza anashangilia nini alikuwa na jibu moja: vigingi basi. Watu wakayaacha matuta, wakalima walivyotaka. Miaka ikapita. Kisha ikaja amri ya kuishi pamoja vijijini. Sisi Washambaa tunajenga juu, mgongoni mwa mlima, pale mvua inapogawanyika nusu iende huku na nusu kule. Chini ni pa migomba na maji, si pa kulala. Viongozi wakatuambia tushuke karibu na barabara ili shule, zahanati na bomba vitufikie. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Bomba lilikuja kweli, na siku maji yalipotoka nilicheza na ndoo kichwani kama mwendawazimu.

Mama hakushuka kwa miguu. Alikuwa amepigwa na kiharusi, miguu imekufa, ulimi umebaki mzima kabisa. Wanaume walimshusha kwa machela, na njia nzima anawasema: "Mnanishusha kama gunia la viazi, basi angalieni msinichubue, nitakosa bei." Baba alichagua kiwanja cha mwisho kwenye safu, kile kilichokuwa karibu zaidi na mlima, kwa sababu palikuwa na tambarare kidogo mbele ya mlango ambapo mama angeweza kuwekwa juani asubuhi. Nyumba ile mama aliipenda. Alikaa pale mlangoni akimjua kila apitaye barabarani, nani kanunua kanga mpya, nani kanuna. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani na ulimi niliourithi kwake, ulimi ule ule ulioniachisha. Kazi yangu ikawa kumwosha, kumgeuza, kumlisha na kugombana naye.

Hatukuwa tumemaliza hata mwaka pale alipokuja mtaalamu.

Tulitangaziwa na mwenyekiti wa kijiji kwamba anakuja mtu wa utafiti kutoka Lushoto, amesomea udongo na miamba mpaka Ulaya. Baba akavaa koti lake akidhani ni Mzungu. Akashuka garini kijana mweusi kama sisi, suruali ya kaki, viatu vya matope, akamwendea baba moja kwa moja, akainamisha kichwa: "Shikamoo, mzee." Jamani! Mtu wa serikali anampa baba yangu shikamoo! Baba aliitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kutoka hapo yule kijana angemwambia abebe mlima, angeubeba.

Wilaya ilikuwa imemtuma aone kama ule mteremko uliokuwa juu ya nyumba zetu ungekaa mahali pake, au kama siku moja ungetushukia. Hilo nililijua baadaye. Siku ile hakumwambia mtu. Alipanda na vigingi vyake vyeupe vyenye vichwa vyekundu, vizuri kama vitu vya sherehe, akavipigilia kwa mstari mmoja ulionyooka, kuanzia mwamba wa upande huu wa mteremko mpaka mwamba wa upande ule. Baba alimbebea nyundo. Mimi nilikuwa nakata majani pale pale, nikamuuliza, "Kaka, hivi vya nini?" Akatabasamu vizuri tu, akasema, "Ni mambo ya kitaalamu, dada."

Mambo ya kitaalamu. Nikanyamaza. Mimi, ambaye hata kadhi hakuninyamazisha!

Alipomaliza alimwita baba pembeni. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno. "Mzee, hivi nakuachia wewe. Mbuzi wasiviguse, watoto wasiviguse. Nikirudi nataka nivikute vile vile nilivyoviacha." Baba akapeana naye mkono kwa mikono miwili. Jioni hakula vizuri kwa furaha. "Mwingereza aliniwekea vigingi akanifunga," alimwambia mama. "Huyu mtoto wetu kaniwekea vigingi akaniamini." Mama akasema, "Haya, mlinzi wa miti, kula basi, ugali unapoa."

Akaanza kuvilinda. Alikuwa na kamba ya katani aliyokuwa akiitumia zamani kupimia matuta. Kila alipokwenda shamba alipitia kule, akafunga kamba kwenye mwamba mmoja, akaivuta mpaka mwamba wa pili, akafumba jicho moja, akaangalia. Kigingi kilichotoka kwenye mstari alikichomoa, akakirudisha kwenye kamba, akakipigilia, akaukanyaga udongo kwa kisigino mpaka ukashika. Mvua zilipokuwa chache kazi ilikuwa ndogo. Mvua zilipozidi alirudi amechoka. "Vile vya katikati ni wakaidi," alilalamika. "Vinapenda kushuka kama vina shamba lao huko chini." Aliwashuku mbuzi, akaenda kugombana na wenye mbuzi. Aliwashuku fuko, akatega mitego. Mlima hakuushuku. Nani anaushuku mlima aliozaliwa juu yake?

Kijana alirudi baada ya mvua za vuli na chombo chake cha miguu mitatu. Akakisimika kwenye mwamba, akafumba jicho kama baba, akaangalia mstari mzima. Umenyooka. Akarudi tena baada ya masika. Umenyooka. "Safi sana, mzee," alimwambia baba akimpiga bega. "Mlima wenu umetulia." Baba akaja nyumbani mabega juu. Mwenyekiti akasimama mkutanoni akatangaza kwamba sayansi imethibitisha, kijiji kiko salama, na wale wanaonong'ona warudi juu wana lao jambo. Kutoka siku hiyo ukisema unaogopa mlima, unaonekana unapinga kijiji.

Mtu asinielewe vibaya, yule kijana hakuwa mvivu wala hakuwa na dharau. Alifanya kazi yake kwa uaminifu, na baba alifanya ya kwake kwa uaminifu. Waaminifu wawili wale, kila mmoja akifuta kazi ya mwenzake huku wakipeana mikono! Nikifikiria hivyo hata leo natamani kupiga kelele.

Masika iliyofuata ilikuja vibaya. Mvua haikupiga kelele, ilinyesha tu, polepole, mchana na usiku, ukungu umekaa mlangoni hauondoki. Kuni zikakataa kuwaka. Nilipanda kukata majani ya ng'ombe, na juu kidogo ya mstari wa vigingi nikaona ardhi imepasuka. Ufa mrefu, umepita katikati ya majani kama mtu amekata mkate. Niliingiza mkono mpaka begani sikugusa chini. Nikarudi mbio, na nilipofika nyumbani nikagundua mlango wa chumba cha mama unakataa kufunga. Jana yake ulifunga. Niliusukuma kwa mgongo, haukukubali. Mama akaniangalia kitandani, akaacha utani. "Nyumba inasogea," akasema. "Naisikia mgongoni nikilala. Nyie mnatembea, hamsikii. Mimi nasikia."

Nikamwendea baba. Nikamwambia tumtoe mama leo, sasa hivi, tumpeleke juu kwa shangazi. Baba akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mtaalamu alisema mlima umetulia."

"Baba, nimeingiza mkono ufani!"

"Nyufa zipo kila masika. Mwanangu, yule kasoma. Tukimbeba mama yako kwenye mvua hii apate kichomi afe, utasemaje?"

Hilo nalo lilikuwa kweli, ndilo lililoniua nguvu. Mama alikuwa anakohoa, njia ya juu ilikuwa utelezi mtupu. Nikaenda kwa vijana wenye nguvu, nikawaomba machela. Wakaniambia nilete neno la baba. Nikaenda kwa mwenyekiti, akaniuliza kama mimi najua kuliko chombo cha miguu mitatu. Nikamtukana. Haikusaidia kitu, lakini nilimtukana.

Nikarudi kwa baba nikapiga magoti. Sijawahi kumpigia magoti mwanamume mwingine, hata yule aliyenioa. Nikalia. Baba naye macho yakamjaa, maana hakuwa jiwe. Akasema, "Basi nenda Lushoto. Mlete mwenyewe aone. Akisema yeye tuhame, mama yako nambeba mgongoni mimi mwenyewe, hata mvua ya mawe."

Niliondoka kunapambazuka. Mama alinishika mkono, mkono wake ulikuwa wa moto. "Usikae kusuka nywele huko mjini," akanitania, kisha akasema, "Fanya haraka, mwanangu." Nilishuka mpaka Soni kwa miguu, nguo zimenata mwilini, nikapata lori la kabichi lililokuwa linapanda Lushoto. Ofisi yao ilikuwa chini ya mikaratusi, nyumba ya mawe ya zamani ya Wajerumani. Nikaambiwa nisubiri kwenye benchi, maana wataalamu wako kwenye kikao. Nikauliza kikao cha nini. Cha namna ya kuwashirikisha wananchi. Loo! Niliingia bila kubisha hodi.

Walikuwa wamekaa na chai yao, wote wakanitazama, mwanamke mwenye matope mpaka magotini. Yule kijana akanitambua, akasimama kwa heshima, akanitoa nje barazani. Nikamweleza ufa, nikamweleza mlango, nikamwambia mama hatembei. Alinisikiliza kwa huruma. Ndiyo, kwa huruma, kama daktari anavyomsikiliza mtoto anayesema kuna simba chini ya kitanda.

"Dada, naelewa hofu yako," akasema. "Lakini tumepima mara nyingi. Mlima ukitembea, vigingi vinatembea nao. Vya katikati vingeshuka, mstari ungepinda kama upinde. Vigingi vyenu havijasogea hata kidole."

Nilisikia maneno yale yakiingia kichwani mwangu moja moja. Vya katikati vingeshuka.

"Vitasogeaje," nikamwambia, "na baba anavinyoosha?"

"Anavinyoosha vipi?"

"Kwa kamba! Kila akipita! Vinashuka kila mvua, vile vya katikati, anavichomoa anavirudisha kwenye mstari. Si ulimwambia uvikute vile vile ulivyoviacha?"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya vile. Akashika nguzo ya baraza. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu siku ya kwanza. Akakimbia. Hakuniambia twende, alikimbia tu, nikamfuata.

Gari lipo, mafuta hakuna. Mafuta yapo kwenye pipa, ufunguo uko kwa mkubwa, mkubwa yuko Tanga. Yule kijana alipiga teke pipa mpaka akachechemea. Tukateremka sokoni, akamsihi dereva wa lori la matunda, akamwambia ni suala la kufa na kupona, na dereva alipoona macho yake akawasha gari bila maneno zaidi. Njia nzima kijana alikuwa anajisemea. "Nilidhani nikiwaeleza mtaogopa bure," aliniambia. "Tulifundishwa tusizue taharuki kabla ya kuwa na hakika." Nikamwambia, "Sasa una hakika?" Akaufunika uso.

Soni tukaliacha lori, tukapanda kwa miguu. Mvua ilikuwa imekatika, ndilo lililonitia moyo, mjinga mimi. Niliona jua kidogo nikasema Mungu ni mkubwa, tutafika. Nilimwambia kijana hata chai ya tangawizi nitampikia tukishamfikisha mama kwa shangazi. Tulikuwa kwenye kilima cha pili, kile unachoona kijiji chetu kizima ng'ambo ya bonde, tuliposikia mlio. Mimi nilidhani ni lori linamwaga mawe. Yeye hakudhani. Alikaa chini pale pale njiani.

Mteremko ulikuwa unashuka. Haukuanguka kwa kishindo, ulishuka mzima mzima, migomba imesimama wima juu yake, ikasogea, ikainama, kisha ikazama. Nyumba ya mwisho kwenye safu ilikuwa yetu. Niliiona. Kisha sikuiona.

Sikumbuki nilivyolivuka lile bonde. Watu walikuwa wamejaa barabarani, wamekumbatia watoto, kuku, masufuria. Waliposikia ardhi inanguruma walitoka mbio. Nyumba kadhaa zilifunikwa, lakini hakufa mtu mwingine. Wote wenye miguu walikimbia.

Nikapiga kelele baba yuko wapi. Wakanionyesha juu. Baba alikuwa amesimama kwenye ule mwamba wa pembeni, nyundo na kamba ya katani mkononi. Alikuwa amejua ninamleta mgeni. Mvua ilipokatika alimwambia mama, "Ngoja nikaviweke sawa kabla hajafika, nisije nikaaibika." Mama akamwambia aende, atamsubiri. Alikuwa anaifunga ncha ya kamba mwambani wakati ardhi yote mbele yake ilipoondoka, na vigingi vyake na mke wake.

Tulichimba kwa majembe, kwa masufuria, kwa kucha. Yule kijana alichimba kuliko wote, viganja vikachanika, hakukubali kupumzishwa. Mama tulimpata kesho yake asubuhi, karibu na pale mlangoni. Alikuwa ametoka kitandani. Alijivuta kwa mikono mpaka mlangoni, mama yangu, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu ulishindikana kufunga. Alibakiza kidogo tu. Hilo ndilo sijaweza kulimeza mpaka leo, kwamba alibakiza kidogo.

Tulimzika juu, kwenye makaburi ya zamani. Matanga tuliyaweka kwa shangazi. Kijana hakuondoka, alikaa na wanaume kwenye mkeka akiwa amevaa shati la kuazima, hali wala hanywi. Siku ya pili alinifuata nilipokuwa naosha vyombo nyuma ya nyumba.

"Dada, lazima nimwambie mzee."

"Umwambie nini?"

"Ukweli. Vigingi vilikuwa vya nini. Ni haki yake. Siwezi kuondoka hapa na jambo hili."

Niliweka sufuria chini. Nilikuwa nimechoka hata kuchukia. "Haki yake ilikuwa siku ile mmesimama pale juu na nyundo," nikamwambia. "Neno moja tu ungesema. Mzee, vikiinama, kimbieni. Baba yangu angelielewa! Hata mama na kiharusi chake angelielewa, hata mbuzi! Ukanyamaza. Sasa leo, baada ya kumzika, ndiyo unataka kuongea? Unataka uende nyumbani ukiwa mwepesi, umwachie yeye mzigo? Ukimwambia mikono yake ndiyo iliyouficha mlima, utamzika na yeye, awe wa pili."

Akalia. Nikamwacha alie, nilikuwa sina kitambaa cha kumfuta. Kisha nikamwambia, "Kama unataka kusema, zipo sehemu za kusema. Vigingi umepigilia wapi kwingine?" Akataja vijiji. "Basi nenda huko. Simama sokoni kama muuza dawa, uwaambie watu vile vitu ni vya nini. Kwa Kiswahili, na kama hawasikii, tafuta mtu akusemee Kishambaa. Hapa kwetu umechelewa. Hapa nyamaza."

Tuliporudi mbele, baba alikuwa anamtafuta. Alimshika mkono kwa mikono miwili kama ile siku ya kwanza. "Mwanangu," alimwambia, "nisamehe sana. Vingi vimekwenda na udongo. Nilivilinda, hata jana yake vilikuwa vimenyooka, muulize huyu. Vimebaki vile vya upande wa mwamba tu." Kijana akatazama chini, machozi yanamdondokea kwenye viatu. Baba akampiga piga bega. "Usilie. Si kosa lako wala si kosa langu, ni kazi ya Mungu. Vigingi vitachongwa vingine."

Kijana akaniangalia. Nikatikisa kichwa. Akasema, "Asante, mzee. Ulivilinda vizuri." Halafu akaondoka.

Nilisikia baadaye kwamba alikwenda kweli. Wauza mboga waliokuwa wakitoka Gare walinisimulia habari za bwana mmoja anayesimama sokoni na kigingi chenye kichwa chekundu mkononi, anakiinamisha mbele ya watu, anawaambia, "Mkikiona hivi, msikiguse, ondokeni, kisha mniite." Watu walimcheka kwanza, kisha wakazoea, na mahali pamoja walihama mapema. Nilifurahi. Nisiseme uongo, nilifurahi na nikapandwa na hasira hapo hapo. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi kiasi kile! Mtoto angeyabeba toka dukani bila kuyasahau.

Wataalamu wengine walikuja kwetu wakatupimia, wakaandika, wakaondoka, na hakuna aliyetusomea alichoandika. Kijiji kilirudi juu mgongoni mwa mlima, mara hii bila amri ya mtu. Kule chini hakukuwa na mtu tena, ni kovu jekundu na majani yanayoota polepole. Mwenyekiti alihamishiwa kwingine. Baba alizeeka haraka, akawa anamwita mama asubuhi ili amweke juani, kisha anakumbuka.

Ila vigingi hakuviacha. Vile vichache vilivyobaki upande wa mwamba, rangi imebambuka, aliendelea kuvifuata na kamba yake. Shangazi aliniambia nimkataze, nikasema nani atamkataza, na kwa maneno gani? Hakukuwa na mtu chini yake wa kudhurika. Miguu ilipoanza kumtetemeka nikawa naenda naye. Yeye anafunga kamba mwambani, mimi naivuta upande wa pili, kwenye udongo ambao bado unashuka kidogo kidogo kila masika. Anafumba jicho moja. Mikono yake haikuweza tena nyundo, kwa hiyo kuchomoa nachomoa mimi, na kupigilia napigilia mimi.

"Yule kijana atakuja lini?" alikuwa akiniuliza.

"Atakuja tu, baba."

"Asije akakuta vimeinama. Hebu angalia, hicho cha mwisho, kimenyooka?"

Nikakishika, nikakitazama, kimeshuka chini ya kamba upana wa kiganja. Nikakichomoa, nikakirudisha, nikaukanyaga udongo kwa kisigino.

"Kimenyooka, baba," nikamwambia.